PHR au SHRM-CP: chagua mtihani kwanza, kitabu baadaye

Afisa rasilimali watu anayetaka cheti cha kimataifa kwa kawaida huanza kwa kutafuta kitabu. Mwenzake ana nakala ya zamani, au kuna punguzo mtandaoni, basi kinanunuliwa na kusomwa wiki sita mfululizo. Ndipo anapofungua ukurasa wa kujisajili na kukuta kuwa alichosoma ni cha mtihani mwingine, au ni cha mtihani wake lakini kwa mtaala uliokwisha kubadilishwa. Fedha imekwenda, na ari nayo imeanza kupoa.

Vyeti viwili vya Marekani ndivyo vinavyogongana zaidi vichwani mwa watu: PHR (Professional in Human Resources), unaotolewa na taasisi ya vyeti ya HRCI (HR Certification Institute), na SHRM-CP (SHRM Certified Professional), unaotolewa na SHRM (Society for Human Resource Management), chama cha wataalamu wa rasilimali watu. Matangazo ya kazi huviandika pamoja, "PHR au SHRM-CP", kana kwamba ni kitu kimoja chenye majina mawili. Kwa mwajiri huenda tofauti isiwe kubwa, lakini kwa mtahiniwa ni kubwa sana. PHR hukuuliza zaidi kanuni inasemaje. SHRM-CP hukuuliza zaidi ungeanza na lipi. Anayejiandaa kwa mmoja na kuketi mwingine hujikuta ana maarifa mengi yasiyoulizwa.

Ugomvi wa nyumba moja

Chama kinachoitwa SHRM leo kilianzishwa mwaka 1948 kwa jina la ASPA (American Society for Personnel Administration), na kikabadili jina mwaka 1989. HRCI ilizaliwa ndani ya ukoo huohuo miaka ya 1970, na kwa miongo kadhaa ndiyo iliyotahini huku SHRM ikiuza vitabu na mafunzo. Mwaka 2014 SHRM ilitangaza kuwa itaanzisha vyeti vyake yenyewe, na watahiniwa wa kwanza wakaketi mwaka 2015. Tangu hapo ni nyumba mbili.

Historia hii ina kazi moja tu kwa msomaji wa leo: ushauri wowote ulioandikwa kabla ya 2015 unaosema "somea PHR kwa vitabu vya SHRM" umepitwa na wakati. Kitabu cha PHR kilichotangulia mtaala wa 2024 nacho kina tatizo. Hapo zamani mahusiano ya wafanyakazi na vyama vyao yalibeba asilimia 39 ya mtihani. Sasa yamegawanywa: mahusiano kazini asilimia 20, ushirikishwaji na ari ya wafanyakazi asilimia 17, na usimamizi wa taarifa za wafanyakazi umepewa eneo lake lenye asilimia 10. Yaliyobaki ni mishahara na marupurupu 15, uendeshaji wa biashara 14, mipango ya nguvukazi na uajiri 14, mafunzo 10. Ukishika kitabu mkononi, fungua yaliyomo uhesabu maeneo. Yakiwa matano badala ya saba, kirudishe kwa mwenyewe.

Takwimu zikiwa bega kwa bega

| | PHR | SHRM-CP |
|---|---|---|
| Maswali yote | 115 | 134 |
| Yanayohesabiwa | 90 | 110 |
| Ya majaribio, hayahesabiwi | 25 | 24 |
| Muda | Saa 2 | Saa 3 na dakika 40 |
| Wastani kwa swali | Sekunde 62 | Sekunde 98 |
| Sharti la uzoefu | Mwaka 1 kwa mwenye shahada ya uzamili, 2 kwa shahada ya kwanza, 4 kwa asiye na shahada | Hakuna shahada wala miaka inayolazimishwa |
| Alama ya kufaulu | 500 katika kipimo cha 100 hadi 700 | 200 katika kipimo cha 120 hadi 200 |
| Kipindi cha mtihani | Mwaka mzima | 1 Mei hadi 15 Julai, na 1 Desemba hadi 15 Februari |
| Mtandao wa vituo | Pearson VUE | Prometric |
| Kuhuisha cheti | Pointi 60 kila miaka 3 | Pointi 60 kila miaka 3 |

Mistari mingine inahitaji maelezo, maana huwapoteza watu.

Alama si asilimia. Alama 500 kati ya 700 haina maana kwamba ulipata maswali 71 katika kila 100. Ni kipimo kilichosawazishwa ili toleo gumu na toleo rahisi la mtihani yapimwe kwa haki. Kwa SHRM-CP, 200 ndiyo kilele cha kipimo: aliyefaulu kwa nywele moja na aliyefaulu kwa kishindo wote husomeka 200. Kwa hiyo usijiwekee lengo la "kupata 200 juu ya 200" kana kwamba ni sifa ya ziada.

Maswali ya majaribio yamechanganywa na mengine na huwezi kuyatambua. Hayo ni maswali yanayopimwa yenyewe kabla ya kutumika siku zijazo. Ukikutana na swali la ajabu ambalo halikufanana na chochote ulichosoma, jibu, songa mbele, usiliruhusu likuharibie matano yanayofuata. Katika mitihani yote miwili jibu la kubahatisha halikatwi alama, hivyo kuacha wazi ni kutupa bahati yako.

Kisha muda. Sekunde 62 dhidi ya 98 zinaweza kukufanya udhani SHRM-CP ni ya starehe. Si kweli. Maswali 54 kati ya 134 yanatokana na visa: unasoma aya moja au mbili kuhusu kampuni fulani, kisha unajibu. Kwa mtu anayesoma Kiingereza kama lugha ya pili au ya tatu, zile sekunde za ziada humezwa na usomaji wenyewe. PHR ina maswali mafupi, lakini humpa mtu nafasi ndogo ya kusita. Kabla ya uamuzi wowote jipime: chukua aya ya maneno 150 ya Kiingereza cha ofisini, isome mara moja kwa saa ya mkononi. Ikikuchukua zaidi ya dakika moja na nusu, SHRM-CP itakudai mazoezi ya kusoma kwa kasi kabla hata ya kugusa mada za rasilimali watu.

Sheria: hapa ndipo PHR inapouma

PHR ni mtihani wa Marekani na sheria zake ni za Marekani. Kwa Mswahili anayeishi Minneapolis, Columbus au Houston na anayetafuta kazi huko, hilo ni faida: atajifunza mambo atakayoyatumia Jumatatu asubuhi. Tatizo ni kwamba kichwa chake tayari kina sheria nyingine, na sheria ile ya nyumbani hujibu maswali kabla ya yeye kuiruhusu.

Aliyefanya kazi Tanzania Bara amezoea Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Anajua kuwa kumwachisha mtu kazi kunataka sababu halali na utaratibu wa haki, kwamba anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28, kwamba likizo ya mwaka ni siku 28, na mama aliyejifungua hupata siku 84 za likizo yenye malipo, au 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Aliyetoka Kenya ana Sheria ya Ajira ya 2007 na siku zake 21 za kazi za likizo, na miezi 3 ya uzazi kwa mshahara kamili.

Sasa aje kwenye swali la PHR. Katika majimbo karibu yote ya Marekani ajira ya sekta binafsi huchukuliwa kuwa ya hiari ya pande zote mbili: mwajiri anaweza kuivunja bila notisi na bila kueleza sababu, mradi sababu yenyewe isiwe iliyokatazwa, kama rangi, dini, jinsia au kulipiza kisasi. Sheria ya shirikisho hailazimishi hata siku moja ya likizo ya mwaka yenye malipo. Likizo ya uzazi chini ya FMLA ya 1993, sheria ya likizo za kifamilia na kiafya, ni wiki 12, bila malipo, kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 50 au zaidi ndani ya maili 75, na kwa mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 na saa 1,250 za kazi. Saa za ziada chini ya FLSA ya 1938, sheria ya mishahara na saa za kazi, huanza baada ya saa 40 kwa wiki, kwa kiwango cha mara moja na nusu, na mtu mzima hana ukomo wa saa kwa siku. Mtanzania aliyezoea saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku huchagua jibu la nyumbani bila kujua amelichagua.

Dawa yake ni kuandika jedwali lako mwenyewe kwa mkono, si kunakili la mtandaoni. Safu ya kwanza jina la sheria na mwaka, ya pili idadi ya wafanyakazi inayoiamsha, ya tatu kitu kimoja inachotoa, ya nne "kwetu ikoje". Safu ya nne ndiyo inayotofautisha anayekariri na anayeelewa.

Idadi ya wafanyakazi ndiyo swali pendwa la watunga mtihani, na inapangika vizuri kichwani ukiipanda kama ngazi. Wafanyakazi 15: Sehemu ya Saba ya Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kuhusu ubaguzi kazini, ADA ya 1990 kuhusu ulemavu, GINA ya 2008 kuhusu taarifa za kinasaba. Wafanyakazi 20: ADEA ya 1967, inayolinda wenye umri wa miaka 40 na kuendelea, pamoja na COBRA kuhusu bima ya afya baada ya kuacha kazi. Wafanyakazi 50: FMLA. Wafanyakazi 100: WARN ya 1988, inayodai notisi ya siku 60 kabla ya kufunga kiwanda au kupunguza watu kwa wingi. Swali la kawaida hukupa kampuni yenye wafanyakazi 18 na mzee wa miaka 52 aliyebaguliwa kwa umri, likauliza ni sheria gani ya shirikisho inayomlinda. Anayekimbia huona 52 akachagua ADEA. Kumbe 18 haijafika 20.

Eneo jingine ni vyama vya wafanyakazi. Wakati wafanyakazi wanajipanga kuunda chama, msimamizi haruhusiwi kutisha, kuwahoji, kuwaahidi maslahi ili waache, wala kuwapeleleza. Mambo manne, rahisi kushika. Linalowashinda wengi ni upande wa pili: msimamizi anaruhusiwa kueleza ukweli, maoni yake na uzoefu wa kampuni. Mtahiniwa aliyejaa tahadhari huchagua "asiseme chochote", na hukosa.

Halafu hesabu. Ni chache, ila hazisameheki. Kanuni ya sehemu nne kwa tano ya mwaka 1978, inayotaka kiwango cha kuajiriwa cha kundi moja kisishuke chini ya asilimia 80 ya kile cha kundi linaloongoza, ndiyo inayokosewa zaidi. Waliomba wanaume 40, wakaajiriwa 20. Waliomba wanawake 60, wakaajiriwa 18. Mtu huona 18 na 20, akagawa, akapata asilimia 90, akasema hakuna tatizo. Hapana: unalinganisha viwango, si vichwa. Wanaume asilimia 50, wanawake asilimia 30. Gawa 30 kwa 50, unapata asilimia 60, chini ya 80. Uajiri huo una dalili ya kuwaumiza wanawake. Kwa kiwango cha wafanyakazi kuondoka, gawa walioondoka kwa wastani wa waliokuwepo: 12 kwa 150 ni asilimia 8. Ila soma tena swali, maana kama hao 12 waliondoka ndani ya robo mwaka na swali linataka kiwango cha mwaka kwa mwendo huohuo, jibu ni 32.

Visa: hapa ndipo SHRM-CP inapouma

Mtaala wa SHRM huitwa BASK (Body of Applied Skills and Knowledge). Una maeneo 14 ya kazi yaliyopangwa chini ya vichwa vitatu, watu, taasisi na mahali pa kazi, na juu yake tabia za kiutendaji tisa kama maadili, mawasiliano, ushauri na uelewa wa biashara. Eneo la sheria za ajira za Marekani limewekwa kwa wanaofanyia mtihani ndani ya Marekani pekee. Kwa aliye Dar es Salaam, Mombasa au Muscat hiyo ni nafuu kubwa, na ni sababu mojawapo ya kuuzingatia mtihani huu.

Umbo la mtihani wenyewe lina mitego yake. Kuna nusu mbili za maswali 67. Kila nusu ina sehemu tatu: maswali 20 ya maarifa, kisha 27 ya visa, kisha 20 ya maarifa. Ukifunga sehemu huwezi kuirudia. Muda nao huhesabiwa kwa pamoja kwa nusu nzima, dakika 110, hivyo anayejinyoosha kwenye visa huja kukimbizana na maswali 20 ya mwisho. Mgao unaofaa ni dakika 25 kwa sehemu ya kwanza, 55 kwa visa, 25 kwa ya tatu, na tano za akiba.

Maswali ya visa yana kero moja inayowaudhi watu waliosoma sana: majibu yote manne yanaweza kufanya kazi. Unachotafuta ni lililo na ufanisi zaidi, na ufunguo wake umetokana na jopo la wataalamu waliopima kila chaguo. Mfano wa aina hiyo:

Meneja wa ghala analalamika kuwa mfanyakazi mmoja, ambaye hajawahi kuwa na doa, amechelewa mara nne tangu arudi kutoka likizo ya msiba wiki tatu zilizopita. Anataka umwandikie onyo leo. Ufanye nini?
A. Uandike onyo kwa mujibu wa kanuni za mahudhurio.
B. Umwite mfanyakazi wewe mwenyewe umuulize kulikoni.
C. Umsaidie meneja kujiandaa kuzungumza faragha na mfanyakazi, ajue chanzo na misaada iliyopo, kabla ya hatua nyingine.
D. Umpeleke mfanyakazi kwa mshauri nasaha.

Wengi wetu huvutwa na B, kwa sababu katika ofisi nyingi za kwetu afisa utumishi ndiye anayeita na kuzungumza. Linalopewa uzito ni C. Linatafuta chanzo kabla ya adhabu, linamwacha meneja na jukumu lake, na linamjengea uwezo wa mara nyingine. A si kosa kisheria, lakini linaruka hatua. D linadhania tatizo ambalo hakuna aliyelithibitisha.

Ukifanya visa 100 utaanza kuona mwelekeo. Majibu yanayopewa nguvu hukusanya taarifa kwanza, huzungumza na mhusika kabla ya kulipeleka suala kwa wakubwa, huunganisha suala na lengo la biashara, na hayakwepi mazungumzo magumu. Majibu dhaifu hukabidhi kila kitu kwa mwanasheria, hutunga sera mpya kwa ajili ya mtu mmoja, au huahidi usiri usiowezekana. Lakini mwelekeo huo haufai kila mahali: kisa kikigusa unyanyasaji wa kingono, hatari kwa maisha au ulipizaji kisasi, subira si fadhila tena. Hapo kuchunguza mara moja ndilo jibu, hata kama meneja anaomba muda.

Kosa la kiutamaduni lipo pia, na si dogo. Heshima kwa mkubwa humfanya mtahiniwa achague jibu linalomtii mkurugenzi. Mtihani unamtaka amshauri mkurugenzi kwa takwimu na ampe njia mbadala, hata pale mkurugenzi ameshasema.

Aliye nyumbani na hataki sheria za Marekani

HRCI ina matoleo ya kimataifa yenye herufi "i" mwishoni. PHRi ni ndugu wa PHR kwa walio nje ya Marekani: misingi ni ileile ila haubebi sheria za Marekani, na masharti ya uzoefu ni yaleyale ya mwaka 1, 2 au 4. aPHRi ni wa anayeanza na haudai uzoefu kabisa. Mhitimu wa chuo asiye na ajira bado anaweza kuuchukua. PHRi hawezi, hata awe na shahada ya kwanza yenye alama za juu, mpaka miaka miwili ya kazi ya kitaalamu itimie. "Kazi ya kitaalamu" hapo ni kufanya maamuzi ya rasilimali watu. Kuweka mafaili na kupokea simu ofisini huenda kusihesabiwe, kwa hiyo barua ya mwajiri ieleze majukumu, si cheo pekee.

Wakenya wana jambo la ziada. Sheria ya Wataalamu wa Usimamizi wa Rasilimali Watu ya 2012 ilianzisha chama chao cha kitaaluma, rejesta ya wataalamu na bodi yake ya mitihani. Cheti cha Marekani hakichukui nafasi ya usajili huo. Anayetaka kazi Nairobi na fedha zake zinatosha kitu kimoja kwa sasa, aanze na mitihani ya bodi ya nyumbani, cha nje kifuate.

CIPD ya Uingereza hutajwa sana kwenye matangazo ya kazi ya nchi za Ghuba, na watu huuliza ni rahisi au ni ngumu kuliko hivi viwili. Swali lenyewe halisimami: ngazi zake, ya 3, 5 na 7, hupimwa kwa kazi za kuandika kwa miezi, si kwa mtihani wa saa mbili. Anayeandika vizuri na kukumbuka vibaya aende huko.

Fedha na kalenda

HRCI hutoza vitu viwili: ada ya maombi, ambayo kwa miaka kadhaa imekuwa dola 100 na hairudishwi, na ada ya mtihani, dola 395 kwa PHR. Ada ya maombi ndiyo inayowauma waliojaza bila kutimiza sharti la uzoefu, maana ukikataliwa imekwenda. SHRM bei yake inategemea mambo mawili, kama wewe ni mwanachama na kama umejisajili mapema. Hesabu gharama ya uanachama pamoja na punguzo lake kabla ya kulipa chochote, kwani mara nyingine uanachama hujilipia na mara nyingine haufiki. Bei hizi hubadilishwa, kwa hiyo thibitisha siku ya kulipa. Na kwa anayelipa kwa shilingi, makato ya benki na kiwango cha kubadilisha fedha vinaweza kuongeza zaidi ya unavyodhani.

Ukikosa PHR unasubiri siku 90 kabla ya kurudia, na HRCI huuza wakati wa kujisajili bima ya kurudia mara ya pili. Ukikosa SHRM-CP unasubiri dirisha lijalo, yaani kipindi kijacho cha mtihani, kwa sababu ni mara moja tu kwa kila dirisha. Hilo peke yake linaweza kuamua. Aliye na barua ya kupandishwa cheo inayosubiri cheti mwezi Septemba hana namna ya kufanya SHRM-CP mwezi Agosti, PHR anayo.

Maandalizi yanavyotofautiana

Kwa mtu mwenye kazi ya kutwa, wiki 12 za saa 8 kwa wiki ni kiasi cha kweli kwa mitihani yote miwili. Mgawanyo ndio unaobadilika.

Kwa PHR, theluthi mbili ya muda huo iende kwenye kusoma na kushika, theluthi kwenye maswali. Anza na mahusiano kazini na ushirikishwaji, maana pamoja ni asilimia 37, usianze na sura ya kwanza kwa sababu tu ni ya kwanza. Kadi za sheria zipitiwe kila siku dakika 15, hata siku ya uchovu. Wiki ya tisa fanya mtihani kamili wa maswali 115 kwa dakika 120, bila simu na bila chai katikati.

Kwa SHRM-CP ugeuze: theluthi ya kusoma, theluthi mbili ya maswali na uchambuzi wake. Usihesabu maswali uliyofanya, hesabu uliyochambua. Kwa kila kisa andika sentensi moja kwa nini jibu sahihi limeyashinda mengine, hata pale ulipopata. Kikundi cha watu watatu au wanne husaidia sana hapa, kuliko kwa PHR, kwa sababu mabishano juu ya jibu la pili kwa ubora ndiyo somo lenyewe. Kikundi cha watu kumi ni gumzo.

Daftari la makosa ni la lazima kwa yote mawili. Kila kosa lipewe herufi: J kwa "sikujua", C kwa "nilichanganya", S kwa "nilisoma vibaya". Baada ya maswali 80, arobaini ya mtindo wa kila mtihani, hesabu herufi. J zikitawala, shida yako ni maarifa, na PHR au PHRi itakuadhibu mpaka uyapate, lakini pia ndiyo itakayolipa juhudi za kukariri. Wenye C nyingi hufaa kujenga majedwali ya kulinganisha. S zikiwa nyingi, usijisajili SHRM-CP kwa dirisha lililo karibu. Subiri lifuatalo, ujenge usomaji. Hiki ndicho kipimo tunachokiamini kuliko maoni ya rafiki aliyefaulu.

Jihadhari na mafaili ya "maswali halisi" yanayouzwa kwenye makundi ya simu. Mtahiniwa husaini makubaliano ya kutunza siri ya mtihani, na matokeo yanaweza kufutwa. Isitoshe, majibu yake mengi ni ya kubuni.

Siku yenyewe

Jina ulilojisajili nalo lifanane na pasipoti, herufi kwa herufi na kwa mpangilio. Hili huwakwaza watu wetu kuliko sheria zote za Marekani: mtu ana majina matatu kwenye pasipoti, amejisajili kwa mawili, au ametumia jina la ndoa ambalo pasipoti hailijui. Msimamizi wa kituo hana mamlaka ya kukuhurumia. Rekebisha wiki mbili kabla, si mlangoni.

Anayefanyia nyumbani kwa kompyuta achague chumba chenye mlango unaofungwa, meza tupu, na awatangazie wote waliomo ndani, watoto na wageni. Mtu akiingia, kikao kinaweza kusitishwa. Kusoma swali kwa sauti ya chini, tabia ambayo wengi wetu tumekua nayo, huonekana kama kuzungumza na mtu na huleta onyo. Zoea kusoma kwa macho tangu wiki ya kwanza. Tumia intaneti ya waya kama ipo, na fanya jaribio la mfumo kwenye kompyuta ileile, chumba kilekile, saa ileile ya siku, kwani mtandao wa saa nne asubuhi si ule wa saa mbili usiku. Kompyuta ya ofisini mara nyingi ina kinga zinazozuia programu ya usimamizi kufunguka. Na kama mtaa wenu umeme hukatika bila taarifa, lipia nauli uende kituoni.